Step 1 Uifanye Lini? Weka Kwanza Tarehe ya Kuamua

Kila likizo ikikaribia, napokea swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma udaktari: "Dada shikamoo. Nasikia kuna watu darasani wanafanya Step 1 mwezi wa nne. Na mimi nijisajili?" Step 1 ni mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani. Huwa nauliza kitu kimoja tu: kwa nini mwezi wa nne? Mpaka leo hakuna aliyenipa jibu zaidi ya "wenzangu wanafanya".

Siwacheki. Mwaka 2022 mimi mwenyewe nilichagua hivyo hivyo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nina rafiki niliyekuwa nakesha naye maktaba, akaniambia amechukua dirisha la Aprili hadi Juni, yaani miezi ambayo ndani yake unafanya mtihani, nami nikabonyeza Aprili hadi Juni. Ada pamoja na nyongeza ya kufanyia mtihani nje ya Marekani ilipita dola 1,000, na mama alikuwa ameikopa kwenye kikoba chake. Kalenda ya chuo sikuifungua. Laiti ningeifungua ningeona kwamba Mei na Juni niko zamu za wodi ya upasuaji, Julai ni mitihani ya kumaliza muhula, na dirisha lenyewe linafunguka pamoja na Ramadhani. Hapo katikati ndipo nilipojipangia kusoma biokemia yote upya.

Nijitambulishe kidogo ili ujue unamsikiliza nani. Niko utarajali, ule mwaka wa mafunzo hospitalini baada ya kuhitimu. Step 1 nilifanya Septemba 2022 nikafaulu, Step 2 CK nikafanya Machi 2025 nikafaulu. Nafasi ya ubingwa Marekani bado sijaipata. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyekwisha kuvuka. Bado niko ndani ya maji, ila mawe niliyoyakanyaga nayajua, na lile lililoniteleza nalijua zaidi.

Unachokipangia tarehe ni kitu gani

USMLE ni mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, nayo iko mitatu. Step 3 iweke pembeni, hiyo ni ya baada ya kuhitimu. Ukiwa chuoni zinakuhusu mbili: Step 1, inayopima sayansi za msingi, na Step 2 CK, inayopima tiba yenyewe. Kwa sisi tunaosoma nje ya Marekani kuna sharti la kuwa umemaliza angalau miaka 2 ya masomo ya udaktari kabla ya kufanya Step 1. Miaka 2 ni ruhusa ya kuingia tu. Wengi wanaisoma kama agizo.

Jambo linalobadilisha mahesabu yote ni hili: tangu tarehe 26 Januari 2022, Step 1 haitoi alama tena. Jibu linakuja kwa neno moja, umefaulu au umefeli. Step 2 CK bado ina alama ya tarakimu tatu, na hiyo ndiyo waajiri wataitazama. Kwa hiyo Step 1 unaipangia siku ambayo utafaulu kwa uhakika, na Step 2 CK unaipangia siku ambayo utakuwa kwenye kilele chako. Ni mipango miwili tofauti, na ukiipanga kwa akili moja utaharibu mmojawapo.

Alama zilipoondolewa, watu wakadhani mtihani umeng'olewa meno. Matokeo ya mwaka huo huo yanasema vingine: kwa wanafunzi wa vyuo vya nje ya Marekani na Kanada waliofanya kwa mara ya kwanza, waliofaulu walishuka kutoka asilimia 82 mwaka 2021 hadi 74 mwaka 2022. Mimi nilikuwa ndani ya kundi hilo la 2022, na nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiambiana, "Si ni kufaulu tu?"

Halafu kuna tabia yetu ya sapu. Chuoni ukifeli somo unarudi Septemba, unafanya sapu, unasonga mbele, na miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka. Huku hakuna sapu ya namna hiyo. Kila jaribio linabaki kwenye rekodi yako na kila programu ya mafunzo ya ubingwa utakayoiomba italiona. Majaribio ni manne tu kwa kila Step, hata kama matatu ya kwanza uliyafanya ukiwa na malaria. Na ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upate alama nzuri zaidi, jambo ambalo kwa Step 1 halina maana tena, lakini kwa Step 2 CK lina maana sana: alama uliyoipata, hata kama ni ya kuvuka kwa tundu la sindano, utakaa nayo.

Ndiyo maana nikiulizwa bora lipi, kuchelewa au kufeli, sisiti. Kuchelewa miezi mitatu hakuandikwi popote.

Hesabu ukianzia mwisho

Chukua karatasi, andika chini kabisa: Julai 1. Hiyo ndiyo siku ambayo kwa kawaida mafunzo ya ubingwa, yale wanayoyaita residensi, huanza Marekani. Panda juu. Machi ya mwaka huo huo ndiyo siku ya Match, unapojua umepata wapi. Kabla yake, kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, ni usaili. Na kabla ya usaili ni Septemba, mwezi ambao maombi yanatumwa na programu zinaanza kuyasoma. Septemba hiyo ndiyo ukuta wako. Ukifika hapo alama ya Step 2 CK haijatoka, unaomba ukiwa nusu mtu.

Matokeo kwa kawaida hutoka kati ya wiki 2 na 4 baada ya mtihani, lakini wenyewe wanashauri uache nafasi ya hadi wiki 8. Mimi naheshimu hizo 8. Maana yake Step 2 CK iwe imefanyika kufikia Julai mapema, na ikiwa unaomba ukiwa utarajali kama mimi, hata mapema zaidi, kwa sababu mtarajali hana usiku wake. Kuna pia mtihani wa Kiingereza cha kitabibu, OET, unaohitajika ili upate cheti cha ECFMG, shirika la Marekani linalothibitisha madaktari waliosoma nje. Huo si mgumu kwa wengi wetu, ila unakula wiki kadhaa na fedha, kwa hiyo uandike kwenye karatasi.

Sasa, kati ya Step 1 na Step 2 CK acha nafasi gani? Kuna kanuni ya miaka 7: mitihani yote inayohitajika kwa cheti cha ECFMG iwe imefaulu ndani ya muda huo. Kwa mwanafunzi anayefanya Step 1 mwaka wa pili, kisha anamaliza chuo, anakwenda utarajali, anapumzika, anaolewa, anapata mtoto, miaka 7 si mingi hivyo. Namjua mmoja ambaye saa yake inakimbia sasa hivi, na alikuwa mwerevu kutuzidi wote.

Baada ya mwaka wa pili, wa tatu, au mwishoni?

Baada ya mwaka wa pili ni sawa ikiwa chuo chako kimekwisha kufundisha patholojia na famakolojia. Kama masomo hayo yako mwaka wa tatu, achana kabisa na wazo hilo. Maswali ya Step 1 hayakuulizi kimeng'enya kwa jina; yanakuletea mgonjwa, umri wake, dawa anazotumia, majibu ya damu, kisha yanakuuliza kitu ambacho kiko hatua mbili nyuma ya ugonjwa. Mtu ambaye hajasoma patholojia atasoma mara mbili: mara ya kwanza peke yake ili afanye mtihani, mara ya pili darasani.

Baada ya mwaka wa tatu ndiyo nafasi ninayoipenda, na si kwa sababu ndiyo niliyoifanya. Ukiwa umekaa wodini mwaka mmoja, yale maneno yanapata sura. Nilikariri visababishi vya potasiamu kupanda mara nne nikasahau mara nne, mpaka siku nilipomwona mama mmoja mwenye figo zilizoshindwa, mashine ya moyo inachora mawimbi yaliyochongoka, na daktari mkubwa anakimbilia kalsiamu. Sikuhitaji kadi ya kukariri tena. Wakati huo huo sayansi za msingi hazijawa mbali; zinahitaji kuamshwa tu. Na kuna likizo ndefu, ambayo ndiyo mali adimu kuliko zote, kwa sababu Step 1 inahitaji wiki 6 hadi 8 ambazo huna kazi nyingine. Baadhi ya vyuo vya Marekani kwenyewe vimewahamishia wanafunzi wao Step 1 baada ya mzunguko wa wodi, badala ya kabla yake kama ilivyozoeleka. Hawakufanya hivyo kutufurahisha sisi, ila faida ni ile ile.

Ubaya wake? Biokemia na jenetiki. Ukikaa wodini mwaka mzima bila kuzigusa zinavuja. Dawa yake ni ndogo: ukiwa mwaka wa tatu, fanya maswali 10 kwa siku ya masomo hayo tu, hata ukiwa umechoka na zamu.

Mwishoni, baada ya mitihani ya kuhitimu, sikushauri kuanza Step 1. Yale majuma ya kusubiri kupangiwa hospitali ya utarajali ni ya Step 2 CK. Mimi niliyapoteza kwa kulala na kuhudhuria harusi, nikaja kusoma Step 2 CK nikiwa natoka zamu saa mbili asubuhi macho mekundu. Ukiwa umetoka kufanya mtihani wa mwisho wa magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, umebeba kichwani sehemu kubwa ya Step 2 CK bila kujua. Usiiache ipoe.

Tarehe ya kuamua

Hapa ndipo nilipopata akili, na nilichelewa kuipata.

Mtu anapojisajili anachagua dirisha la miezi 3, kisha ndani yake anachagua siku kwenye kituo cha Prometric, kampuni yenye vituo vya kufanyia mtihani. Dirisha linaweza kusogezwa mbele mara moja kwa ada. Likifungwa hujafanya wala hujalisogeza, ada imekwenda na unaanza upya. Kuhamisha siku ndani ya dirisha ukiwahi hakuna gharama. Kadiri siku inavyokaribia ndivyo unavyotozwa. Mfumo wenyewe, kwa hiyo, umejengwa kwa mtu anayeamua mapema, na unamkamua anayeamua usiku wa mwisho.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katikati ya Juni. Mwezi wa tano nilifanya mtihani wa majaribio wa NBME, bodi ya Marekani inayoshiriki kutunga USMLE, nikapata 51. Wiki tatu baadaye 55. Ripoti za mitihani hiyo hutoa asilimia iliyosawazishwa, na mstari wa kufaulu uko karibu na 62. Pia hukupa uwezekano wa kufaulu kama ungefanya mtihani halisi ndani ya wiki moja. Wangu sikutaka kuutazama mara mbili. Bado nilikuwa najiambia, "Mungu atasaidia." Rafiki yangu ndiye aliyenikalisha chini. Yeye alikuwa amepata 70. Alifanya mwezi huo wa sita na akafaulu, kwa sababu alianza maswali akiwa mwaka wa pili na hakuwa na zamu za upasuaji kama mimi. Dirisha lilikuwa lake, mimi nililiazima.

Nikalisogeza liwe Julai hadi Septemba. Nikamaliza mitihani ya chuo. Halafu nikafanya kitu ambacho nakushauri ukifanye siku ile ile unayojisajili: nikachagua tarehe mbili. Ya mtihani, Septemba 6. Na ya kuamua, Agosti 27, siku 10 kabla. Nikaandika sharti: siendi mpaka nipate zaidi ya 65 mara mbili mfululizo, kwenye mitihani miwili tofauti, nimejipimia muda kama wa mtihani halisi, simu nje ya chumba. Karatasi nikampa kaka yangu.

Kaka ni mhasibu. Hajui hata wengu liko upande gani. Ndiyo sababu nilimchagua yeye na si mwanafunzi mwenzangu, kwa maana mwenzangu angenihurumia. Kaka alijua namba 65 tu. Agosti mwanzoni nilipata 58, katikati ya mwezi 64, na Agosti 26 nikapata 63. Tarehe 27 saa moja asubuhi simu ikaita. Hakunisalimia. "Ngapi?" Nikaanza kumweleza kwamba maswali ya takwimu yalikuwa magumu, kwamba usiku umeme ulikatika. Akaniacha nimalize, akauliza tena, "Ngapi?"

Nikahamisha hadi Septemba 20. Kituo kilikuwa kimebakiza siku mbili tu zenye nafasi mwezi huo. Nililipa faini, nikalia kidogo, nikarudi mezani. Septemba 4 nikapata 69, Septemba 11 nikapata 71, kisha yale maswali 120 ya bure ya USMLE yakanipa 74. Kaka akasema, "Nenda."

Siku ya kuamua ina majibu matatu tu: nakwenda, nahamisha ndani ya dirisha, au naliacha dirisha hili nalisogeza. Jibu la "ngoja tuone" halipo. Na usikubali hoja za aina ya "najisikia niko tayari" au "sijisikii tayari". Namjua aliyejisikia tayari akafeli, na mimi mwenyewe siku nilipokwenda nilihisi sijui chochote. Hisia zako siku 10 kabla ya mtihani wa muda wa saa nane ni za mtu aliyekosa usingizi. Tazama namba.

Lakini kuahirisha nako ni ugonjwa. Nimeona watu wanahamisha mara tatu, mara nne, kila mara kwa sababu nzuri. Sheria yangu: ukisoma wiki 8 bila kazi nyingine na namba haijapanda hata kwa 6 au 7, tatizo si tarehe. Tatizo ni unavyosoma. Langu lilikuwa kusoma notsi upya kwa kalamu za rangi. Zilipendeza kweli. Nilipoziacha nikawa nafanya maswali 40 kwa saa moja kutoka benki ya maswali ya UWorld, kisha saa mbili nzima nachunguza nilikosea kwa nini, ndipo ile 58 ikaanza kusogea. Kila nilipokosea niliandika sababu kwa neno moja: sikujua, nilisahau, sikusoma swali vizuri. Mwisho wa wiki ya kwanza neno la tatu lilikuwa limejaa ukurasa, na hilo haliponywi kwa kuahirisha.

Vitu vidogo vinavyoharibu tarehe nzuri

Jina. Chuoni nina majina matatu, pasipoti yangu ya kwanza ilikuwa na mawili. Jina la usajili lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha kituoni, herufi kwa herufi, na chuo nacho kithibitishe kwamba wewe ni mwanafunzi wake kwa jina hilo. Kubadilisha pasipoti na kusubiri barua kulinila wiki 7. Lifanye hili kabla hujaanza hata kusoma.

Kituo. Kama kiko mji mwingine au nchi nyingine, fika siku 2 kabla. Usisafiri usiku kwa basi ukashukia mlangoni.

Ramadhani au mfungo wowote. Mitihani hii ya siku nzima ina mapumziko ya kunywa maji na kula, nawe utayahitaji. Angalia kalenda, uchague mwezi mwingine kama unaweza.

Msiba na harusi. Hapo sina ushauri wa maana. Msiba utakwenda. Harusi, tuma mchango mapema na usikubali kuwekwa kwenye kamati.

Na lile swali ambalo huja mwisho kila mara: je, naweza kufanya Step 2 CK kwanza? Unaweza, utaratibu unaruhusu kufuata mpangilio wowote. Nimemwona mmoja tu aliyefanya hivyo kwa faida, naye alikuwa amemaliza chuo, wodi zote ziko kichwani na sayansi za msingi zimepotea kabisa. Step 2 CK ilimrudisha kwenye mwendo wa kusoma kabla hajarudi kwenye biokemia. Kwa mtu aliye mwaka wa pili au wa tatu haina mantiki.

Kwa hiyo ukitaka kuniuliza tarehe yako, nitumie vitu hivi kwanza: picha ya kalenda ya chuo chako ya mwaka mzima, namba ya mtihani wako wa kwanza wa majaribio hata kama inatia aibu, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na mtu utakayempa ile karatasi. Huyo wa mwisho asiwe mimi. Mimi nitakuhurumia.